Siku Tisa za Daftari la Bibi

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu vya skuli, Siham alikuwa na kazi moja: kumpima bibi yake presha. Saa hiyo mama yake, Ummukulthum, alikuwa ameshatoka zamani kwenda Barking kuwahudumia wazee wa watu. Katika nyumba yao ya ghorofa ya tatu, pale Thamesmead, huko ughaibuni, walibaki wawili tu: msichana wa miaka kumi na miwili na Bibi Mwatima, mzaliwa wa Pemba, ambaye Kiingereza chake hakikuvuka salamu na bei ya ndizi.

Mashine ya kupimia ilitoka kliniki pamoja na daftari la kijani. Daktari wao wa familia, Dokta Poonam, alikuwa akishirikiana na watafiti wa chuo kikuu. Walitaka kujua kama dawa ya presha husaidia zaidi ikinywewa asubuhi au usiku. Bibi aliangukia kundi la usiku. Siham alitakiwa aandike mambo mawili kila siku: saa ambayo Bibi alikunywa dawa, na namba za presha ya asubuhi. Kabla ya kupimwa, Bibi alipaswa kukaa kitini dakika tano bila kuzungumza, na hiyo kwa Bibi Mwatima ilikuwa adhabu kubwa kuliko kidonge chenyewe.

Wiki mbili za mwanzo Siham aliifanya kazi yake vizuri.

"Jana umekunywa dawa saa ngapi, Bibi?" aliuliza kila siku.

"Saa mbili, mjukuu wangu, nikishasali tu."

Naye aliandika mbili, kisha akabana mkanda kwenye mkono wa Bibi, akasubiri, akaandika namba. Mia na hamsini na nane kwa tisini na mbili. Mia na hamsini na tano kwa tisini.

Halafu betri za mashine zikaisha. Siham alijiambia atamwambia mama yake anunue nyingine. Siku hiyo alisahau, na kesho yake alisahau tena. Siku ya tatu aliona aibu kusema kwamba amesahau mara mbili. Basi akawa anamfunga Bibi mkanda, anaikodolea macho mashine iliyokufa, kisha anaandika namba za wiki iliyopita, akipunguza moja hapa na kuongeza mbili pale ili zisifanane sana. Kazi iliyokuwa ikimchukua dakika kumi sasa ilimchukua mbili, na basi la skuli halikumwacha tena.

"Mbona siku hizi haibani?" Bibi aliuliza.

"Imeshazoea mkono wako, Bibi."

Bibi alicheka na kuamini. Alimwamini mjukuu wake kwa kila barua ya Kiingereza aliyomsomea, kwa nini asimwamini kwa hili? Lakini katika siku hizo alianza kulalamika kwamba kichwa kinamzunguka akiinuka. Mara moja Siham alimkuta ameshikilia sinki la jikoni kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Siham aliogopa, akamletea maji, lakini juu ya betri hakusema kitu.

Siku ya tisa ilikuwa siku ya kwenda kliniki.

"Shikamoo, Bibi," alisema Dokta Poonam. Yeye alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakikuota kutu.

"Marahaba, daktari wangu."

Dokta Poonam alifungua daftari, akatabasamu. "Nianze na hili. Wenzangu wa chuo kikuu, niliowapelekea picha ya ukurasa wa kwanza, wameniandikia wakiwa na wasiwasi. Wanauliza, huyu mama huamka saa nane za usiku kila siku kunywa dawa? Nikaona hii mbili, nikajua. Siham, Bibi anahesabu saa za Kiswahili. Saa mbili yake ya usiku, kwa Kiingereza huandikwa nane; mbili yao ni saa nane zetu za usiku wa manane."

Siham alihisi uso unamchoma. "Samahani, Dokta. Sikujua."

"Si kitu. Hilo ni kosa la kutojua, tutalisahihisha sasa hivi. Hata mimi nilipofika nchi hii nilikosa miadi kwa sababu hiyohiyo."

Bibi alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Siham alijaribu kucheka, ikashindikana. Kosa ambalo hakulijua lilikuwa limesamehewa kwa kicheko. Lile alilolijua lilikuwa bado limelala katika ukurasa wa pili.

"Na afya, Bibi?"

"Kichwa kinanizunguka nikisimama, daktari. Juzi nusura nianguke."

Dokta Poonam alitazama namba, akakunja uso. Nje wagonjwa walikuwa wamejaa, naye alikuwa na dakika chache kwa kila mmoja. "Presha bado iko juu, haijashuka hata kidogo. Pengine ndiyo inayokuletea kizunguzungu. Nitakuongezea dawa, badala ya kidonge kimoja uwe unakunywa viwili." Akageukia kompyuta.

Akilini Siham alimwona tena Bibi ameshikilia sinki.

"Dokta, usiandike," alisema kwa Kiingereza, haraka haraka. "Namba hizo si za kweli. Za siku tisa. Betri ziliisha, nikazitunga."

Dokta Poonam aliondoa mikono kwenye kompyuta. Bibi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kasema nini?"

Daktari angeweza kumjibu, lakini alimtazama Siham na kungoja. Siham akasema kwa Kiswahili, polepole, asibakishe neno: "Bibi, sijakupima siku tisa. Mashine haikuwa na betri. Nimekudanganya."

Bibi hakupaza sauti. Alijishika mkono pale ambapo mkanda hufungwa. "Nikakwambia haibani," alisema. "Ukanambia imezoea mkono wangu."

Siham alilia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Dokta Poonam alimpima Bibi mwenyewe, akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Akisimama, ilikuwa mia na moja kwa hamsini na nane. Presha ilikuwa imeshuka mno katika siku hizo zisizopimwa; dawa ilikuwa imemzidi. Akaipunguza iwe nusu kidonge.

"Nami nina kosa langu," alisema. "Nilipaswa kukupima kabla ya kufikiria kuongeza kidonge, na nilipaswa kumwuliza mtoto huyu kama mashine inafanya kazi." Kisha akavuta kiti karibu na Siham. "Mimi ni daktari wa miaka ishirini, na bado sijui kama dawa hii inafaa zaidi asubuhi au usiku. Ndiyo maana tunatafiti. Chuo kikuu wana kompyuta, lakini hawana wagonjwa kama bibi yako. Sisi madaktari wa mitaani ndio tunaowapelekea kweli ya watu wetu. Ukurasa ukiwa mtupu, watajua siku hiyo haikupimwa. Ukiwa na uongo, wataufuata, na wagonjwa wasiotujua watapewa dawa kwa sababu yake."

Hakumwacha azifute. Alimpa kalamu, na Siham akapiga mstari juu ya namba za siku tisa, moja baada ya nyingine, akiandika pembeni: haikupimwa.

"Wiki zilizobaki, nitamwomba muuguzi wetu Godson apite nyumbani," alisema daktari.

"Hapana," alisema Bibi Mwatima. "Ataandika huyuhuyu."

Akamgeukia mjukuu wake, na sauti yake bado ilikuwa na maumivu. "Mimi sijui kusoma namba zenu, Siham. Neno lako ndiyo macho yangu. Ukinidanganya, umenipofua, na nikianguka sitajua nimejikwaa wapi. Siku uliyopima nambie umepima, hata kama namba ni mbaya. Siku uliyosahau nambie umesahau, nitakugombeza na yatakwisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Haya, chukua daftari lako. Twende tukanunue betri."