Maputo Yaliyoachwa Matupu

Ndugu zangu wazazi, nanyi vijana, hebu wekeni simu pembeni kidogo mnisikilize. Habari hii haikutokea mbali. Ilitokea hapa hapa Ipogolo, kwa mama Anjela, nyumba ile yenye geti la bluu ukishuka kutoka barabara kuu.

Kila likizo Marta alikuja kukaa pale akitokea Ubaruku, ambako wazazi wake wanalima mpunga. Baba yake na baba yake Anjela ni ndugu wa tumbo moja, na kwa kuwa Anjela alikuwa mkubwa, Marta alimwita dada. Baridi ya Juni ilipobana, wasichana hao walikaa karibu na jiko la mkaa, wakageuza kalenda za zamani na kuchora upande mweupe. Anjela ndiye aliyemshika Marta mkono kwa mara ya kwanza, akamwonyesha namna ya kuchora jicho. "Usikandamize penseli," alimwambia. "Chora taratibu. Usiogope kukosea, utafuta." Ukoo mzima ulijua mchoraji ni Anjela, na Anjela mwenyewe alijua hivyo.

Mwaka jana yakaja mafunzo ya likizo ya kuchora vitabu vya katuni, katika ukumbi mmoja wa parokia mjini. Baba yake Anjela akawaandikisha wote wawili. Mwalimu wao, Sosthenes, kijana mpole ambaye vidole vyake havikukosa madoa ya wino, aliwapanga wawili wawili. Mmoja angetunga hadithi na kuichora kwa penseli, mwenzake angepitisha wino juu yake. Yale maputo ya maneno yanayotoka vinywani mwa wahusika yangebaki matupu hadi asubuhi ya mwisho, ndipo mtunzi ayajaze.

"Kwanza tuone kama picha zenu zinaweza kusema zenyewe," alieleza. Jozi bora ingekwenda Mbeya mwezi wa Desemba kuendelea na mafunzo, na kitabu chake kingechapwa.

Akapita akitazama michoro yao ya majaribio. Kwa Marta alisimama muda mrefu. "Marta, wewe utashika penseli. Anjela, wino."

Anjela alihisi uso unawaka. "Lakini mwalimu, mimi ndiye niliyemfundisha huyu!"

"Basi umefundisha vizuri," mwalimu akajibu huku akicheka. "Na mkono wako umetulia. Wino haufutiki, unataka mtu kama wewe."

Ilikuwa sifa, jamani. Lakini mtu mwenye wivu ukimpa sifa, yeye hupokea tusi. Kuanzia siku hiyo Anjela alichukia kila kitu cha Marta: kicheko chake, lafudhi yake ya kwao Usangu, hata namna alivyouma ulimi akichora. Alipopitisha wino juu ya mistari ya mdogo wake aliona jinsi ilivyo mizuri, na uzuri ule ulimuuma.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mwalimu alikutana na mama Anjela sokoni, akamsifia Marta. Jioni, mbele ya sahani za ugali, mama akaanza.

"Mwangalie mwenzako! Katoka huko majarubani kwenye mpunga juzi tu, leo walimu wanamtaja. Wewe umekulia mjini, unashindwa nini?"

"Mama mkubwa, dada ndiye aliye..." Marta alitaka kusema.

"Nyamaza wewe, kula!" Anjela akamkatisha.

Akina mama, nanyi akina baba, nawauliza: maneno yale yalimsaidia nani? Mama Anjela alidhani anamchochea binti yake ajitahidi. Kumbe alikuwa anapuliza moto.

Ukafika ukurasa wa mwisho. Marta alikuwa amechora wasichana wawili. Mmoja mdogo, amekaa chini, kainamisha kichwa. Mwingine mrefu, mwenye nywele za mabutu kama za Anjela, amesimama juu yake, mkono mmoja kiunoni, mwingine umenyooshwa kuelekea kwa yule mdogo. Juu ya kila mmoja kulikuwa na puto tupu.

"Huyu mrefu anasema nini?" Anjela aliuliza.

Marta akatabasamu kwa aibu. "Subiri, dada. Utaona siku ya mwisho."

Tabasamu lile Anjela aliliona ni dharau. Marta alipotoka kuosha vyombo, Anjela alibaki na ukurasa, akiukodolea macho. Ni mimi huyu, alijisemea. Kanichora nikimfokea, niwe kichekesho cha ukumbi mzima. Akalijaza lile puto kichwani mwake: Ondoka hapa, mshamba wewe! Akalisoma tena na tena hadi akaamini Marta ndiye aliyeliandika.

Akachovya kalamu. Akamwekea msichana mrefu pembe mbili, meno ya kutisha, na macho meusi tii. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Kesho yake akawahi kumkabidhi mwalimu jalada lenye kurasa zao, limefungwa vizuri.

Asubuhi ya kufunga mafunzo, Marta alirudishiwa kurasa zake ajaze maneno. Alipofika wa mwisho, akaziona zile pembe. Hakulia. Hakushtaki. Muda ulikuwa umekwisha, basi akaandika maneno aliyokuwa amekusudia tangu mwanzo, akakabidhi.

Kurasa zikabandikwa ukutani. Wazazi wakaingia, vijana wakasogea. Prachi, mmoja wa wanafunzi, binti wa mwenye duka la vitambaa, akaanza kuwasomea wenzake kwa sauti. Kwanza waliangua kicheko kwa zile pembe. Kisha Prachi akakunja uso.

"Mbona huyu shetani anaongea vizuri hivi? Sikilizeni: 'Shika penseli hivi, mdogo wangu. Usiogope kukosea.' Na huyu mdogo anajibu: 'Huyu ni dada yangu. Yote ninayojua, nimejifunza kwake.'"

Anjela aliyasikia akiwa amesimama kando ya mama yake. Alitamani ardhi ipasuke. Mwalimu Sosthenes alimtazama, akatazama vidole vya Anjela vilivyojaa wino, akatikisa kichwa. Waliokwenda Mbeya ni Prachi na mwenzake.

Marta aliomba arudi kwao kesho yake. Stendi, Anjela alilia hadi akakosa pumzi. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe," Marta alisema. Kisha akauliza, kwa upole uliomchoma Anjela kuliko kofi: "Lakini dada, ulidhani nimekuandikia nini?"

Kisha akapanda. Basi likaondoka. Likizo iliyofuata Marta hakuja, na baba yake alisema siku hizi binti hashiki penseli kabisa. Kalenda za zamani zimejaa nyumbani kwa mama Anjela, na hakuna wa kuzigeuza.

FUNZO

Wivu hutuwekea maneno mabaya katika kinywa cha mtu ambaye hajasema kitu, kisha tukamwadhibu kwa maneno hayo. Kijana, ukiona moyo wako unachafuka kwa sababu ya mwenzako, muulize, msubiri aseme mwenyewe. Nanyi wazazi, acheni kuwapima watoto kwa kuwalinganisha mezani. Samahani inaweza kupokelewa, lakini alama uliyoiweka inabaki pale pale, kama wino wa Anjela.