Jina la Nane

Ilianza na harufu ya chaki, katika jengo ambalo ubao mweusi wa mwisho uligeuzwa kuni zamani za kale. Mama Ratiba, karani wa shahada ya uzamili ya biashara, aliinusa Jumamosi moja mchana akadhani ni poda ya mtu. Walimu wa kujipaka poda mpaka kwenye kope walikuwepo pale, nisiwataje.

Jina la Mama Ratiba alipewa kwa sababu ratiba yote ilipita mikononi mwake: somo gani, mwalimu yupi, chumba kipi. Wakaguzi walikuwa wanakuja, na kanuni zao zilidai walimu wanane wenye udaktari. Wa nane, Profesa Mikakati, tulishamzika miezi mitatu nyuma.

"Mwache kwenye orodha, Mama Ratiba," Mkuu wa kitivo alimwambia, akiinyoosha tai yake. "Jina halina mdomo, litamsema nani?"

Wakacheka, mashavu yakawauma. Karani akamwacha marehemu, tena akampangia na kipindi ili orodha ipendeze: Usimamizi wa Mikakati, Jumamosi, saa saba mchana, chumba namba tisa.

Jumamosi hiyohiyo ya harufu ya chaki, jioni, binti wa pekee wa Mama Ratiba, mwanafunzi wa muhula wa mwisho, alirudi nyumbani na vumbi jeupe mabegani, mazishi ya profesa yamemtoka akilini.

"Mama, mbona hukuniambia profesa kapona?"

"Profesa gani?"

"Wa Mikakati. Kafundisha kwa saa tatu bila kunywa maji. Ila hageuki, Mama. Katupa mgongo, anaandika tu ubaoni."

"Ubao upi, mwanangu?"

Binti akafikiri. "Ule mweusi."

Jumamosi iliyofuata Mama Ratiba alimfungia binti chumbani, ufunguo akautia kifuani, akaenda mwenyewe. Nje ya chumba namba tisa akasikia kwaru, kwaru, kwaru, akachungulia kwenye kioo cha mlango, na jua la saa saba likiwaka vizuri kabisa aliwaona wanafunzi kumi wameinama wanaandika, mikono myeupe mpaka viwikoni, hakuna anayekohoa, na wa kumi na moja, kiti cha mbele, alikuwa bintiye aliyemfungia, na mbele yao mgongo mpana wenye koti la marehemu, na chini ya suruali, pale viatu vinapokaa, kwato mbili zilizopasuka katikati.

Alikimbia mpaka kwa mganga, mzee mkavu mwenye kikohozi. Mganga alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Huyo si marehemu. Marehemu kalala zake. Nyinyi mliacha kiti chenye jina na hakina mtu. Jini likapita, likaona limekaribishwa."

"Litoke vipi, babu?"

"Aliyeandika afute."

Mkuu alipopigiwa simu alinong'ona. "Tukibaki saba kozi inafungwa! Subiri Jumatatu wakaguzi wapite, nakuomba."

Hakusubiri. Akalifuta jina. Harufu ikakatika palepale, akalia kwa raha, akaenda nyumbani, akafungua chumba, akamkuta binti mezani. Akamsalimia. Binti akaitikia vizuri tu, lakini alikuwa ameukabili ukuta, na hakugeuka.

Jumatatu asubuhi Mkuu aliingia ofisini akitabasamu, orodha mkononi.

"Umempata wapi wa nane? Wakaguzi wameridhika!"

Mama Ratiba akaitazama. Jina la nane lilikuwa la bintiye, wala si yeye aliyeliandika, na udaktari juu, na mbele ya jina, pale pa chumba na saa, patupu. Akawasha kompyuta, akaanza kulifuta, na herufi ya kwanza ilipoondoka simu ikaita, jirani yake analia, njoo shoga yangu, mtoto kaanguka, hapumui, kawa mweupe kama kapakwa unga. Akairudisha ile herufi, na kule kwenye simu akamsikia mwanawe akivuta pumzi ndefu ya mtu aliyetolewa majini.

"Mpe simu," alinong'ona.

Kwanza ilisikika kwaru, kwaru, ya kucha ukutani. Kisha sauti ya bintiye, pole, ya adabu, kama alivyomlea yeye mwenyewe.

"Mama, umesahau kunipangia chumba."

Mkuu alikuwa bado amesimama mlangoni na tabasamu lake. Mama Ratiba hakumwangalia. Alifuta machozi kwa kiganja, akaandika: Jumamosi, saa saba mchana, chumba namba tisa.