Taulo Linalonukia

Kila Ijumaa, kengele ya kwenda nyumbani ikishalia, Nadhifu alikuwa akilitoa taulo la darasa msumarini kwa ncha za vidole viwili na kulitumbukiza kwenye mfuko wa nailoni. Yeye ndiye aliyekuwa kiranja wa afya wa darasa la sita. Jina la Nadhifu alipewa na wenzake, naye alilipenda kupita kiasi. Alikagua kucha za watu, na mtu akipiga chafya karibu naye, alihama dawati.

Kazi yake ilikuwa kulifua taulo lile na kulirudisha Jumatatu. Mwanzoni alilifua kweli. Lakini likilowa, taulo liliteleza mikononi kama kamasi, na harufu yake ilimfanya mtu ajute kuwa na pua. Darasa zima lilifutia hapo mikono na wengine, tuseme ukweli, walifutia na pua. Nadhifu aliona kinyaa. Basi akabuni njia yake: alilianika juani, akalipiga pasi, akalipulizia manukato ya mama yake na kulikunja vizuri. Kwa kuwa lilikuwa la buluu iliyokoza, uchafu haukuonekana. Wenzake walimsifu, na kwa kusifiwa sana akasahau kabisa kwamba taulo halikuwa limeonja maji karibu muhula mzima.

Mwalimu wao wa sayansi hakuwa mtu wa kujaza ubao na kukaa. Alitaka watoto washike vitu wenyewe. Siku moja alileta vipande vitatu vya mkate. Cha kwanza kilipita mikononi mwa waliotoka kucheza, na vumbi lao. Cha tatu kilichukuliwa kwa koleo bila kuguswa na mtu. Cha pili kilihitaji watu wawili wanawe kwa sabuni, wakaushe mikono, ndipo wakishike. Nadhifu alijitolea kabla hajaitwa. Wa pili alikuwa jirani yake wa dawati, mvulana aliyeitwa Tope kwa sababu alimsaidia baba yake kufyatua matofali na mara nyingi alikuja na udongo kwenye kola. Kila kipande kilinyunyiziwa maji kidogo, kikafungwa katika mfuko mwangavu na kuwekwa juu ya kabati.

Wiki iliyofuata mifuko ilishushwa. Kipande kisichoguswa kilikuwa mkate bado. Cha mikono michafu kilikuwa na madoa ya kijani. Lakini kile cha sabuni kilikuwa kimeota manyoya ya kijivu yenye mabaka meusi, na chini ya mfuko yalituama majimaji ya njano. Msichana wa dawati la mbele aliziba mdomo, akakimbilia nje. Nadhifu akarudi nyuma.

Macho yote yakamgeukia Tope. Hakuna aliyefikiria kumtazama Nadhifu. Walisema Tope alilowesha vidole tu, mikono yake haijawahi kutakata, na mtu mmoja akavuta dawati lake mbali naye. Tope akajitetea kwamba alinawa hadi kwenye viwiko. Mwalimu akamwuliza kiranja, kwa kuwa walikuwa pamoja bombani, kama mwenzake alitumia sabuni.

Nadhifu alikumbuka vizuri povu lililojaa kwenye mikono ya Tope. Alikumbuka pia kwamba baada ya kunawa, wote wawili walijifuta kwenye lile taulo. Akaelewa papo hapo, na akaogopa.

"Sikuangalia vizuri, Mwalimu," akasema.

Wakati wa chakula Tope alinawa peke yake, wa mwisho. Alinyoosha mkono kuchukua taulo, kisha akaurudisha. "Acha tu," alimwambia Nadhifu bila hasira. "Nisije nikawachafulia." Akakung'uta mikono hewani na kwenda kula nyuma ya darasa, mbali na watu.

Nadhifu alilishika taulo, akalinusa. Manukato yalikuja kwanza. Chini ya manukato ikaja ile harufu nyingine, nzito, ya kitu kilichokufa. Alijichukia kuliko alivyolichukia taulo. Alimfuata mwalimu, akamweleza yote, ya pasi na ya manukato.

Mwalimu hakumgombeza. Alileta beseni, maji ya moto na sabuni, akamtaka alifue taulo lile mbele ya darasa na kusema mwenyewe kwa nini. Nadhifu alisema yote, kisha akaingiza mikono. Maji yakageuka meusi, na utando wa mafuta ukaelea juu. Darasa likaguna kwa kinyaa. Kila mmoja alianza kutazama viganja vyake, akikumbuka alivyovifutia pale kila siku kabla ya kula.

Taulo lilipokauka walilirudia jaribio. Safari hii Tope ndiye aliyechaguliwa kunawa, kujifuta na kushika mkate peke yake. Wiki ilipopita, kipande chake kilitoka hakina hata doa. Nadhifu alisimama, akamwomba radhi Tope mbele ya wote, akavua beji yake ya ukiranja na kuiweka mezani kwa mwalimu.

"Nilidhani mimi ndiye msafi kuliko wote," akasema. "Kumbe mimi ndiye ninayeona kinyaa tu kuliko wote."

"Kinyaa kila mtu anacho, mwanangu, hata mvivu," mwalimu alimjibu. "Usafi ni kazi. Uchafu unaonuka tungeukimbia wenyewe. Wewe uliupulizia manukato, ukatupatia tujifutie mikono, kisha tukaenda kula. Na ulipoulizwa ukweli, nao ukaupulizia manukato, na mwenzako akala peke yake."