Kalenda ya Mama Parminder

Rafiki yangu Peres ni muuguzi anayetembelea wagonjwa wa saratani ambao hawatapona. Jumatatu moja alasiri alimtembelea Mzee Gurdeep, aliyeishi peke yake mtaani Mountain View na hakuwa ameinuka kitandani mwezi mzima; chakula aliletewa na jirani. Mwanawe, Parminder, aliye Kanada, alitaka kujua aje lini. Peres alisikiliza pumzi ya mzee, akamuuliza amekula nini, kisha akaandika kwenye fomu: amebakiza wiki tatu.

"Mwambie akuje leo," mzee alisema.

"Wacha haraka, mzee. Fomu yangu haijakuchoka."

"Hiyo yako ni fomu. Mama Parminder ako na kalenda."

Mama Parminder, mke wa mzee, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita.

Stima zikapotea. Katika giza Peres alisikia karatasi ikichanwa jikoni, polepole, mara nne. Alikwenda akamulika kwa simu. Hakukuwa na mtu. Kalenda ya ukutani, ya kuchanwa karatasi moja kila siku, iliyoonyesha Jumatatu alipoingia, sasa ilionyesha Ijumaa.

Hakubadilisha fomu.

Mzee alifariki Ijumaa, peke yake. Parminder alifika Jumapili. Yeye na Peres walipotandua kitanda cha mzee, chini ya mto uliokuwa wa Mama Parminder walikuta karatasi za kalenda zimekunjwa pamoja. Zilikuwa tano. Ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa.