Mtaro Ambao Haukuchimbwa

Kila alipotoka shule, Janeth alivua viatu, akala ndizi zilizobaki chunguni, kisha akaenda ufukweni kumsaidia mama yake kuanika usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa. Nyuma ya Matema, kijiji chao, milima ya Livingstone imesimama wima, na ubavuni mwake kuna njia nyembamba ya kwenda Ikombe, kijiji cha wafinyanzi. Akina mama waliipita na vyungu kichwani. Wageni nao waliipenda. Wengine walipanda kwa miguu, wengine walisukuma baiskeli za gia hadi juu ili waje wateremke kwa kasi.

Masika yalipokaribia, kijiji kiliitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kuitengeneza njia. Wanafunzi wa darasa la sita walionyeshwa kila mmoja mahali pa kuchimba mtaro wa kukatiza njia, maji ya mlimani yapate pa kupita. Msimamizi alikuwa mzee Enoki, aliyekuwa akiwaongoza wageni mlimani.

"Chimbeni hadi gotini," alisema. "Mkikuta mawe, yang'oeni."

Janeth alipangiwa kona ya mwambani. Ardhi yake ilikuwa mizizi na mawe matupu. Karibu naye alichimba Milka, rafiki yake wa dawati moja, mtoto wa mfinyanzi wa Ikombe, aliyekaa Matema kwa shangazi yake siku za shule.

Mara vicheko vikapanda kutoka chini. Mgeni mmoja kutoka Mbeya, dada aliyeitwa Nancy, alikuwa akiwapa watoto zamu ya kuendesha baiskeli yake. Janeth akatupa jembe.

"Ngoja nimalize wangu, nije nikusaidie," Milka alimwambia.

"Usihangaike. Umebaki kidogo tu."

Milka alipokwenda kunywa maji, Janeth alikwaruza udongo kidogo, akapanga mawe safu mbili, katikati akatandaza majani. Ukitazama kwa mbali, ungeapa kuwa mtaro umechimbwa.

"Janeth, umemaliza?" Enoki aliuliza kutoka bondeni.

"Nimemaliza, babu!"

"Umefika gotini?"

"Nimefika!"

"Ndaga, mjukuu wangu!" Enoki alimshukuru kwa Kinyakyusa, akaenda kwa wengine, naye Janeth akaikimbilia baiskeli.

Mvua za Kyela hazibishi hodi. Zilipofungulia, zilinyesha mfululizo, na ziwa likachafuka hata mitumbwi ikashindwa kutoka Ikombe. Jumamosi ya gulio akina mama wafinyanzi wakaamua kupita mlimani. Milka, aliyekuwa amekwenda kwao, alifuatana na mama yake, naye amejitwisha vyungu.

Janeth alikuwa gulioni akipima usipa aliposikia kelele.

"Njia imekatika! Mtoto ameporomoka!"

"Wapi?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Pale kona ya mwambani."

Walimleta Milka katika kitenge kilichofungwa kwenye mti wa kubebea. Hakuwa akilia. Mkono wake wa kulia ulining'inia kama si wake. Hospitalini mifupa iliungwa, lakini daktari alimweleza mama yake, Hellen, kwamba vidole viwili huenda visikunjike tena.

Kwenye mkutano wa kijiji watu walimfokea Enoki. "Wewe ndiye uliyetuambia mitaro yote imechimbwa!"

Enoki alisimama, kofia mkononi. Macho yake yalipita kwa wanafunzi, yakatulia kidogo kwa Janeth, yakaondoka. "Niliuliza, sikwenda kutazama," alisema. "Kosa ni langu."

Wakamvua kazi ya njia na ya kuongoza wageni. Janeth alijificha nyuma ya wenzake. Enoki alipita mbele yake akienda nyumbani.

Tangu hapo chakula kilimshinda. Mama yake alidhani ni malaria, akampeleka kupima. Damu ilikuwa safi. Hakukuwa na dawa ya ugonjwa ule. Mwishowe Janeth alikwenda kumwona Milka kwa shangazi yake.

Alimkuta akijaribu kubana donge la udongo wa kufinyangia. Vidole viwili vilibaki vimenyooka. Donge likaanguka. Akaliokota, likaanguka tena.

"Mama anasema tusimlaumu mtu," Milka alisema. "Ni mvua tu."

"Si mvua!" Janeth aliangua kilio. "Ni mimi. Sikuchimba. Nilifunika majani."

Milka aliliacha donge. "Nilikwambia nitakuja kukusaidia," alisema polepole. "Kwa nini ulisema umebaki kidogo?" Kisha akageukia ukutani. Mlangoni alisimama Hellen, naye alikuwa amesikia yote.

Janeth alimweleza mama yake, nao wakaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa Enoki. Mbele ya mkutano alisema tena kila kitu. Enoki alirudishiwa kazi zake. Njia ikajengwa upya, na kila jioni Janeth alichimba pamoja naye pale mwambani, hadi malengelenge yakapasuka na mtaro ukafika gotini. Mvua iliyofuata ilipita humo, ikateremka ziwani bila kuigusa njia.

Lakini darasani Milka alihamia dawati jingine, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Siku moja Janeth alikuwa akizoa matope mtaroni, Hellen akatokea na vyungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hellen alitua mzigo, akautazama mtaro. "Umechimba vizuri. Sitakudanganya kwamba unarudisha vidole vya mwanangu. Haurudishi. Ulidhani unamdanganya babu Enoki tu, sivyo?"

Janeth aliitikia kwa kichwa.

"Uongo wa kazi haumwumizi uliyemwambia, mwanangu. Unamngoja anayepita nyuma. Ukipewa kazi, hata kama hakuna anayekutazama, ifanye kana kwamba umpendaye ndiye atakayepita juu yake. Maana huenda ni yeye."

Janeth alifuta matope mikononi. Alimtwisha vyungu vyake, akasimama kando, na Hellen akavuka mtaro taratibu, akiangalia pa kukanyaga.