Katuni Iliyopewa Jina la Rabson

Msiniletee habari za kuhadithiwa. Mimi nilikuwepo, benchi la mbele kabisa, banda la video pale Soweto, Mbeya, na nywele zilinisimama mpaka kofia ikagonga bati.

Jailos alikuwa mtafsiri wa muvi. Mchina akipigana, yeye yuko na maiki anamsemea Kiswahili. Mhindi akilia, Jailos analia kumzidi Mhindi. Na mastaa wote aliwabandika majina ya watu wa mtaani, ndiyo watu wavunjike mbavu.

Jumamosi hiyo mchana akaweka kitu kipya: katuni ya Warusi, ya zamani kabla babu yako hajaota meno, haina rangi, haina sauti. Amit, muuza simu wa Mbalizi, aliikuta kwenye mikanda ya marehemu babu yake, akaihamishia kwenye flashi. Warusi walikuwa wameokota kitabu cha baharia aliyepotelea kisiwani, wakakivuruga wanavyotaka. Baharia kachorwa kwa wino, mwembamba kama njiti, anafungua mdomo, hakitoki kitu.

"Huyu anaitwa Rabson!" Jailos akatangaza.

Banda zima likacheka. Rabson ni mdogo wake, ndiye anayekaa mlangoni. Muimbaji wa kwaya. Akipandisha sauti, ng'ombe wa Uyole wanaacha kula. Kesho yake kwaya ilikuwa inakwenda kurekodi, na wimbo mzima umebebwa na yeye.

"Kaka, niache bwana," Rabson akasema toka mlangoni.

Jailos akaweka maiki mezani, anywe maji. Kwenye skrini baharia akafungua mdomo, na spika ikasema: "Kaka, niache bwana."

Watu wakacheka tena. Jailos hakucheka. Aligeuka, akamuona mdogo wake kashika koo, mdomo unafunguka, unafumba, hakitoki kitu.

"Rabi? Dogo, usinitanie."

Rabson akatikisa kichwa, machozi yanamtoka.

Ndipo harufu ikaja, ya chumvi na samaki aliyeoza, na Mbeya bahari iko wapi jamani, na Jailos akachomoa flashi lakini picha ikaendelea, akachomoa waya wa umeme ukutani na picha ikaendelea, na baharia akawa anasogea, anakua, kichwa kinajaza shuka lote jeupe la skrini, macho mawili ya wino yanachuruzika, huku anaimba ule wimbo wa kwaya kwa sauti ya Rabson, polepole, kama mtu anayejaribisha koti la mwenzake, na watu wakatoka na mlango, na mbao za mlango, na benchi mbili.

Hapo akaingia Kalinga, mganga wa Iringa, aliyekuwa anapita na lori la mbao akasikia vurugu. Akamsogelea Jailos sikioni.

"Umempa jina la mtu, kachukua na sauti yake. Mpe jina lingine, hilo ataliachia."

"Jina la nani?" Jailos akanong'ona.

"La mwenye sauti inayomtosha."

Jailos akamtazama mdogo wake, aliyeanguka pale sakafuni. Akaokota maiki pale mezani.

"Samahanini watazamaji," akasema, na watazamaji wenyewe walishafika stendi. "Nimekosea. Huyu siyo Rabson. Huyu anaitwa Jailos."

Skrini ikazima. Rabson akakohoa, halafu akalia kwa sauti kama mtoto mchanga. Jumapili alirekodi. Jailos siku hizi anauza karanga Mbalizi. Ukimuuliza bei, anakuonyesha vidole.

Sasa, sehemu moja nimewaongopea. Kalinga nimemtunga. Hakukuwa na mganga, wala lori. Nilimuweka kwa sababu bila yeye nikisimulia silali. Mle ndani tulibaki mimi na wale ndugu wawili tu. Yale maneno ya kumpa jina lingine yalitoka kwenye spika, taratibu, kwa sauti ya Rabson, na baharia alikuwa anamuangalia Jailos, anatabasamu.