Chui Jike wa Mjomba Taabaldy

Mimi ndiye ninayefuta vioo kwenye makumbusho ya wanyama, hapa kwetu Naryn, mji wa milimani. Jumapili moja mchana, mjomba wangu Taabaldy alikuja na mkewe, Mama Asylkan. Walikuwa wametoka kula nyama na tambi kwangu. Mjomba alivaa kofia yake nyeupe ya sufu, kama anakwenda harusini.

"Leo utamwona chui wangu," alimwambia mkewe.

Walikuwa watatu nyuma ya kioo: chui jike wa theluji na wanawe wawili, wamekaushwa na kusimamishwa juu ya mawe ya plasta. Mjomba ndiye aliyewaua, enzi za ujana wake.

"Huyu jike alikuwa mjanja, haonekani. Basi nikakamata kitoto kimoja, nikakiminya shingo ili kilie. Kikalia, we! Mama mtu akaja mbio mpaka kwenye mtutu." Akacheka, akagonga kioo. "Mjinga wewe! Njoo tena basi!"

"Nyamaza, mzee," mkewe alinong'ona. "Usimtukane mbele ya wanawe."

Mjomba akafungua mdomo amjibu. Ikatoka sauti nyembamba, ya kitoto cha mnyama. Akajishika shingo. Akajaribu tena. Ikatoka ileile.

Alilia hivyo nyumbani kwangu siku mbili, usiku na mchana. Macho yake tu ndiyo yaliyobaki ya mtu, na yalikuwa yanaomba. Mullah alimsomea mpaka akakauka koo. Mbwa wetu walikata kamba wakakimbia.

Siku ya tatu asubuhi, Mama Asylkan alinifuata kazini. Akapiga magoti mbele ya kioo, ameinamisha kichwa.

"Mama mwenzangu," alinong'ona, "nimekuja kumwombea msamaha. Niachie mzee wangu."

Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nikainua macho.

Watoto walikuwepo. Mama yao hakuwepo.

Nilimvuta Mama Asylkan, tukakimbia. Nyumba haiko mbali. Tulipofika getini tulimsikia mjomba akilia, safari hii kwa kasi, kama anayeona kitu kinakuja.

Kilio kikakatika.

Tulimkuta kifudifudi kitandani, amekufa. Dirisha limefungwa. Kwenye kisogo kulikuwa na matundu manne, mawili huku, mawili huku. Kwenye shuka hapakuwa na hata tone la damu. Waliomwosha walisema mwilini pia haikuwemo.

Jioni ile nilimwita mkuu wetu, mwenye ufunguo wa pekee wa kile chumba cha kioo. Akafungua. Chui jike alikuwa amesimama mahali pake. Vumbi la miaka mingi lilikuwa limetanda sakafuni, halina alama ya unyayo.

Lakini midomo ya wale watoto wawili ilikuwa imelowa damu.

Mkuu aligusa kwa kidole. Akaurudisha mkono haraka.

"Bado ina joto," alisema.